Laptopu ya Dorka na Asubuhi za Mvua

Wiki niliyorudisha funguo za karakana, vijana niliowaachia kazi walinipa birika la umeme, leso mbili na kazi moja zaidi. Walitaka niwaandikie niliyoyaona katika miaka yangu ya kutengeneza kompyuta za watu, kuanzia Migori hadi Homa Bay. Birika ninalitumia kila siku. Leso moja nimempa dada yangu. Kazi ndiyo hii, na mkiona nimeandika marefu, mjilaumu wenyewe.

Sitaeleza nilivyopanda cheo wala nilivyolipwa. Cheo kilipanda taratibu, mshahara ukakifuata kwa mbali, na hayo hayamsaidii mtu aliye mbele ya mashine iliyogoma. Nitaeleza siku za kwanza, mtu aliyenifunza kazi, na laptopu moja iliyonisumbua kuliko zote, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote.

Nilianza Migori mjini, katika karakana ndogo nyuma ya duka la magodoro. Siku ya kwanza nilivaa blauzi nyeupe na viatu vya kisigino, nikashika cheti changu ndani ya bahasha ya plastiki, nikidhani kuna mtu atataka kukisoma. Fundi mkuu alikuwa Bwana Maroa, Mkuria mrefu wa maneno machache, aliyetengeneza mataipureta kwa miaka mingi kabla kompyuta hazijafika huku kwetu. Alikitazama cheti, akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akanipa brashi ya kupakia rangi.

"Fungua hiyo," alisema, akinionyesha kompyuta iliyoletwa kutoka kinu cha posho.

Nilipoifungua, unga ulinimwagikia mapajani. Ulikuwa umejaa kila pembe, umeshikamana kwenye feni, na ndani yake kulikuwa na vijidudu vilivyokuwa vinaishi vizuri kuliko mimi. Nilipiga brashi siku nzima. Jioni, mama mwenye nyumba niliyokuwa nimepanga aliponiona naingia getini mweupe kichwa hadi viatu, alinipa pole na kuniambia nisife moyo, kazi za ofisi ni ngumu kupata, hata kinuni ni kazi.

Bwana Maroa alikuwa na mazoea yaliyonikera mwanzoni. Tukiitwa mahali, hakugusa mashine. Alikaa, akapokea chai, akauliza habari za ng'ombe, za watoto na za kanisani. Kikombe kikikaribia kuisha ndipo aliuliza, "Na hii kitu ikianza kusumbua, wewe unakuwa unafanya nini?" Nilidhani anapenda chai tu. Alipenda chai kweli, siwezi kumtetea kwa hilo. Lakini watu walimwambia mambo ambayo mimi, niliyekuja na bisibisi mkononi, sikuwahi kuambiwa.

Nakumbuka karani mmoja wa Awendo ambaye kompyuta yake ilikuwa inazimika ovyo. Nilikwenda peke yangu mara mbili, nikabadilisha kila kilichoweza kubadilishwa, na kila nilipoondoka ilizimika tena. Mara ya tatu Bwana Maroa alinifuata. Alivuta kiti hadi dirishani, akakaa asubuhi nzima akitazama malori ya miwa. Kila lori lililopita likiwa limejaa, sakafu ilitetemeka, na plagi iliyolegea ukutani ikacheza.

"Wewe ulikuja mchana, malori yamepanga foleni kiwandani," aliniambia. "Mashine uiendee saa ile inaugua, siyo saa ile wewe umepata nafasi."

Tukabadilisha soketi, tukanywa chai, tukarudi Migori.

Mkoba wangu wa kazi mnaujua, maana mlikuwa mnauchekelea. Ndani yake kulikuwa na bisibisi za ncha ndogo, brashi ileile ya rangi, tochi, waya mrefu wa mtandao, flashi yenye programu zangu, na karanga za kukaanga. Msizicheke karanga. Mtu anayeogopa kuulizwa maswali hujifunga mdomo, lakini mtu anayetafuna karanga huongea mwenyewe. Nimetatua matatizo mengi kwa karanga kuliko kwa bisibisi.

Baadaye kampuni yetu ilifungua tawi Homa Bay nikahamishiwa huko, na kazi nayo ikabadilika. Vumbi na unga vilipungua, ikaja Wi-Fi. Zamani mtu alisema kompyuta imekufa, nawe ukaona imekufa kweli. Siku hizi mtu anasema, "Leo imeshika, jana ilikataa," na kesho yake inashika tena ikijua unakuja. Malalamiko niliyoyapokea zaidi katika miaka yangu ya mwisho yalikuwa hayo ya laptopu inayotakiwa kujiunga na Wi-Fi yenyewe ikiwashwa, na haijiungi. Wakati mwingine ni kadi ya Wi-Fi iliyolazwa na mpango wa kubana betri. Wakati mwingine mtu amefuta ile alama ya kujiunga yenyewe bila kujua. Mwalimu mkuu mmoja upande wa Uriri alikuwa amefungia ruta ndani ya kabati la chuma kwa kufuli ili isiibwe, halafu akashangaa mtandao hautoki. Nilimwambia mwizi na mtandao wote wamezuiwa vizuri sana.

Sasa nije kwa Dorka.

Dorka alikuwa karani katika shirika dogo la kusambaza mbegu kwa wakulima, ofisi yao ikiwa kando ya kanisa, mwendo mfupi kutoka stendi ya Homa Bay. Alikuwa ameajiriwa kwa mkataba wa muda, na kamati ya shirika ilikuwa ikae Ijumaa fulani kuamua kama atapewa kazi ya kudumu ama aende nyumbani. Alikuwa na mtoto mdogo, Tobi, na wote wawili waliishi na mama yake Dorka. Nyumba nzima ilimtegemea yeye.

Shirika lilikuwa limeweka mpango mpya wa mahudhurio. Hakuna kusaini tena. Laptopu yako ikijiunga tu na Wi-Fi ya ofisi asubuhi, unaandikwa umefika. Ukiwa ndani ya wakati, jina lako linakuwa la kijani. Ukichelewa, jekundu. Na jina la Dorka lilikuwa jekundu mara nyingi kuliko la mtu yeyote pale.

Alinipigia simu akiwa karibu kulia.

"Madam Conso, hii laptop itanipotezea kazi. Mimi nafika mapema kuliko wote. Wote! Lakini system inasema nimekuja saa nne. Na boss anaangalia system, haniangalii mimi."

Nilikwenda siku hiyohiyo. Niliizima laptopu yake, nikaiwasha, ikajiunga na Wi-Fi ya ofisi kabla sijakaa vizuri. Nikaizima tena, ikajiunga tena. Niliifanyia hivyo hadi ikapata joto.

"Ikikuona inashika adabu," Dorka alisema kwa uchungu.

Nilifanya yote yanayofanywa. Nilizuia kadi ya Wi-Fi isilale, nikafuta mtandao wa ofisi na kuuingiza upya, nikaondoa ule uwashaji wa haraka unaofanya laptopu iamke na usingizi wa jana, nikaweka programu mpya ya kuendesha kadi. Niliondoka nikiwa na hakika. Siku kadhaa zikapita vizuri, kisha akanipigia tena: nyekundu. Nikarudi, nikakuta inafanya kazi. Nikaondoka, nyekundu. Ilifika mahali nikiona jina lake kwenye simu yangu, nahema kabla ya kupokea.

Meneja wake, Bwana Opiyo, hakuwa mtu mbaya. Alinikaribisha ofisini kwake, akafunga mlango.

"Madam, mimi sina shida na Dorka. Kazi yake ni safi. Lakini kamati ikikaa watauliza report, na report ni ile system inatoa. Nikisema system inadanganya, wataniuliza mbona inamdanganya yeye peke yake."

Lilikuwa swali zuri. Ofisi nzima ilitumia ruta moja, na laptopu za wenzake zilishika kila asubuhi bila kelele. Niliwauliza wote, mmoja mmoja, kama kuna mtu anayegusa mitambo au kuzima chochote. Wote walisema hapana, na walikuwa wanasema kweli.

Wiki ya kamati ilipofika nilikaa na Dorka kwenye benchi la nje, nikatoa karanga. Nilifanya kama Bwana Maroa, nikaacha kuuliza habari za laptopu. Nikamuuliza habari za nyumbani.

"Unaamka saa ngapi siku hizi?"

"Ah, Madam, hata usiulize. Kukiwa giza bado."

"Na ofisi inafunguliwa saa mbili. Giza la nini?"

"Si nilichelewa?" Alicheka kidogo, lakini macho hayakucheka. "Mara ya kwanza kuona nyekundu, nikasema kesho nitakuja mapema kidogo. Nikaona nyekundu tena. Nikaongeza. Sasa natoka Tobi amelala. Akiamka ananitafuta kitandani, halafu ananitafuta jikoni, halafu anasimama mlangoni anaita. Mama ndiye huniambia. Mimi sijamwona akiamka tangu mvua zianze."

Nilikuwa na hasira na ile laptopu, na hasira zaidi na nafsi yangu, kwa sababu hapo ndipo nilipotambua kwamba mara zote nilizokwenda pale, nilikwenda saa nne asubuhi, nimeshakunywa chai yangu, saa ambayo mashine yoyote ina adabu. Maneno ya Awendo yalinirudia yote.

Nilimwambia Bwana Opiyo kwamba nitakuja saa ambayo Dorka hufika. Aliinua nyusi.

"Saa hiyo hata kuku wa hapa hawajatoka. Basi na mimi nitakuja na laptop yangu. Tuone kama ni Wi-Fi ama ni usingizi."

Mjue kwamba Bwana Opiyo alikuwa mtu wa kuingia ofisini saa mbili kamili, nywele bado mbichi na mfuko wa kaki wenye mandazi mkononi. Jina lake halikuwahi kuwa jekundu hata siku moja.

Nililala kwa dada yangu, ambaye nyumba yake haiko mbali na pale. Alhamisi alfajiri tulikutana getini sisi watatu tukipiga miayo. Tuliingia, Dorka akawasha laptopu yake. Ikajiunga na Wi-Fi ya ofisi papo hapo, na jina lake likawa la kijani.

Bwana Opiyo alinitazama, akamtazama Dorka, akachukua mkoba wake. "Sasa," alisema kwa upole, "mimi nitasema nini kesho?"

Dorka akaanza kupanga pakiti za mbegu ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Nilimwomba meneja aje na kesho yake pia. Alikubali kwa sababu alikuwa na makaratasi ya kamati ya kutayarisha, lakini niliona ameshaamua moyoni.

Jioni hiyo mvua ilikuja kutoka ziwani kwa hasira. Mnaijua mvua ya huku. Radi zilikuwa zinapiga upande wa visiwani, kisha zikasogea hadi juu ya paa letu. Dada yangu alizima televisheni, akachomoa friji, akafunika kioo cha ukutani kwa ile leso yake ya jikoni kama mama yetu alivyotufundisha. Mimi mwenyewe, fundi mzima wa kompyuta, nilichomoa chaja ya simu bila hata kufikiri, nikaketi mbali na dirisha. Wala sikujua kwamba jibu nilikuwa nimelishika mkononi.

Ijumaa alfajiri ardhi ilikuwa bado inatiririka maji. Mlinzi wa usiku alikuwa kwenye kibao chake getini, amejikunyata ndani ya koti refu. Sikuwa nimewahi kuzungumza naye. Mara zote nilipofika pale saa nne alikuwa ameshakwenda nyumbani kulala. Hata jana yake aliniinulia mkono tu. Aliitwa Mzee Oloo.

Ndani, Dorka na Bwana Opiyo walifungua laptopu zao. Ya Dorka ilionyesha imejiunga na mtandao. Nilifurahi nusu dakika. Kisha nikasoma jina la mtandao wenyewe: ulikuwa wa kanisa la jirani. Dorka alikuwa mwanakwaya wa pale, na siku moja walipewa neno la siri la kupakua nyimbo. Laptopu ikalikumbuka, kama inavyokumbuka kila mtandao iliowahi kukaribishwa. Bwana Opiyo naye alikuwa anatafuta Wi-Fi ya ofisi haioni. Hakuwa mtu wa kusubiri. Aliwasha data ya simu yake, akaiunganisha laptopu humo, akaanza kusoma habari za mpira.

Niligeuka kuitazama ruta ukutani. Haikuwa na taa hata moja. Plagi yake ilikuwa inaning'inia, na ule waya unaoshuka kutoka antena ya paani ulikuwa umechomolewa na kufungwa vizuri kwa kamba, kazi ya mtu mwenye mikono mitulivu.

Nilitoka hadi getini.

"Oyawore, Mzee," nilimsalimia kwa Kijaluo.

"Oyawore ahinya, nyar Migori." Alikuwa ameshajua kwamba mimi ni binti wa Migori.

"Mzee, nani amechomoa ile kitu ya internet?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini anafunga geti.

"Jana hukuona radi?"

"Niliona."

"Haya."

"Lakini radi imeisha, Mzee. Mbona hujairudisha?"

"Nyathina, mwanangu, radi hulala kwenye waya. Ile ya kwanza ilichomeka mbele ya macho yangu, ikatoa moshi, na mvua ilikuwa imeisha kitambo. Ngoja jua lipige bati kwanza. Likishapiga, narudisha, naenda nyumbani. Siku kavu mimi sigusi kitu ya watu."

Nilikaa kwenye kile kibao chake, nikacheka hadi akaniuliza kama ni mzima. Niliwauliza watu wote wa ofisi ile, mmoja mmoja, na hakuna aliyenificha. Hawakuniambia kwa sababu kuchomoa vitu mvua ikija si jambo la kusimulia. Ni kama kumwambia mgeni kwamba usiku tunafunga mlango. Nami ningetaka kumlaumu nani, wakati chaja yangu ilikuwa bado iko mezani kwa dada, imechomolewa?

Nilimwomba Mzee Oloo afanye kama anavyofanya siku zote. Nikarudi ndani nikawaambia Dorka na meneja wasiguse chochote kwenye laptopu zao. Hawakuelewa, lakini walikaa. Dorka aliniuliza kwa sauti ndogo kama kuna matumaini. Nilimwambia asubiri jua.

Jua lilitoka nyuma ya mti wa kanisa, likapanda, likapiga bati. Mzee Oloo aliingia amevua kofia, akarudisha waya, akachomeka plagi, akaisubiri ruta iwashe taa zake zote, akatuaga. Muda si mrefu wafanyakazi wengine wakaanza kuingia. Kila mmoja alifungua laptopu, ikashika, jina likawa la kijani. Mmoja aliingia akikimbia, kiatu kimoja hakijafungwa, na bado akawa wa kijani.

Laptopu ya Dorka ilikuwa bado kanisani. Ya meneja ilikuwa bado kwenye simu. Hili ndilo nataka mlishike, ninyi vijana: laptopu ikishapata mtandao unaoishika, haina sababu ya kuuacha ikatafute mwingine. Siku kavu, mitandao yote miwili inapokuwepo, huchagua wa ofisi. Siku ya mvua, anayefika kabla ya jua anaukuta mmoja tu, na humo ndimo anamokaa hadi atakapohitaji kitu cha ofisi.

Bwana Opiyo alihitaji kitu cha ofisi. Ilipofika saa nne alitaka kuchapisha makaratasi ya kamati, na printa haikumsikia, kwa kuwa printa iko kwenye Wi-Fi ya ofisi na yeye alikuwa kwenye simu. Akanung'unika, akabadilisha mtandao. Printa ikaanza kunguruma. Na pale kwenye kioo chake, kwa mara ya kwanza, jina la meneja likageuka jekundu.

Alisoma. Akasogeza uso karibu, akasoma tena.

"Nimechelewa?" alisema. "Mimi? Nimekuwa hapa tangu giza! Madam, wewe ni shahidi!"

"Ni shahidi, bwana. Na Dorka pia amekuwa hapa tangu giza."

Yule wa kiatu kisichofungwa akaanza kucheka, na wengine wakamfuata, na Bwana Opiyo mwenyewe akacheka hadi akashika meza. Niliwaeleza yote: radi, waya, jua, kanisa. Niliwaeleza kwamba katika ofisi hii, siku ya mvua, kadiri mtu anavyokuja mapema zaidi ndivyo anavyoandikwa kuchelewa zaidi.

Dorka peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi, mkono mdomoni.

"Kwa hivyo kila nilipoongeza mapema..." alianza.

"Ulikuwa unafika," nilimwambia. "Kila siku ulikuwa unafika."

Hapo akalia, na sikuona haya kulia naye. Nimefurahi mara nyingi kazini, lakini sijui kama niliwahi kufurahi namna ile.

Kamati ilipokaa, Bwana Opiyo aliingia na laptopu yake ikiwa wazi, jina lake jekundu likiwaangalia wajumbe wote. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Dorka.

"Nimewaambia kwamba leo nimechelewa," alisema. "Wakaniuliza kwa nini. Nikawaambia. Kazi ni yako, Dorka. Ya kudumu." Kisha akakohoa na kuongeza, "Na tafadhali, uje saa mbili kama sisi wengine. Unatutia aibu."

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Niliiambia laptopu ya Dorka isijiunge tena yenyewe na mtandao wa kanisa. Kwa Mzee Oloo sikupigana, maana kuhusu kuchomoa alikuwa sawa kabisa: ruta iliyofungwa kwenye antena ya paani ni ya kuchomolewa radi zikija. Tulichozungumza ni jua tu. Tulikunywa chai mbili kabla ya kuelewana. Alikubali kuirudisha mtu wa kwanza anapofika, kwa sharti kwamba huyo mtu asimame verandani hadi taa ziwake, ili radi iliyolala kwenye waya ikiamka imkute yeye mzee peke yake.

Jumapili mvua kubwa ilinyesha tena. Jumatatu nilipita pale kuhakikisha, kwa kuwa sikuiamini tena kazi yangu niliyoifanya kukiwa kukavu. Mzee Oloo alikuwa amesharudisha waya. Ruta ilikuwa inawaka. Saa mbili ikafika, wafanyakazi wakaingia, laptopu zikashika. Meza ya Dorka ilikuwa tupu. Bwana Opiyo alitoka ofisini kwake, akatazama meza, akatazama geti, akarudi, akatoka tena.

Alifika anakimbia, baada ya wote, skafu imelegea na pumzi zimekwisha. Kwenye bega la blauzi yake kulikuwa na doa kubwa la uji, na mkono mdogo ulikuwa umelipapasa likaenea hadi kwenye kola. Alifungua laptopu. Ikajiunga na Wi-Fi ya ofisi yenyewe, hapohapo, vizuri kabisa, na jina lake likawa jekundu.

"Boss, leo ni kweli," alisema akihema, lakini uso wake wote ulikuwa unacheka. "Tobi ameamka akanikuta. Amenishika shingo, amekataa kabisa kuniachilia."

Bwana Opiyo aliinama akaitazama ile nyekundu. Akalitazama lile doa la uji. Kisha akanyoosha mkono, akaifunga laptopu polepole.

"Mtandao unasumbua," alisema, akarudi ofisini kwake.